Kopo Lililoandikwa Risasi

Mliobaki kwenye meza za kazi, hamjambo. Ijumaa iliyopita mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani. Mtu anastaafu halafu anapewa saa, sijui aiangalie ya nini. Lakini ahsanteni, nimeitundika jikoni hapa Kingsbury, na mke wangu Kusum ameshaisogeza mara mbili.

Naandika kwa sababu ya swali aliloniuliza Salma siku ile. Salma ndiye mdogo wenu kuliko wote, binti wa Kipemba aliyezaliwa hapa hapa London, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote. Kila anayeanza kazi kwetu hupelekwa kule nyuma, kwenye jiko la gesi, akaambiwa atazame dari. Anaonyeshwa yale madoa ya kijivu. Kisha anasimuliwa habari za mzee wa Kizanzibari aliyeweka risasi za moto kwenye kopo la vyuma chakavu, akazichemsha, akajilipua. Watu wanacheka, mgeni anaambiwa awe mwangalifu, kazi inaanza.

Salma alikuja na kipande chake cha keki, akaniuliza polepole: "Anko Kanti, wewe ulimjua. Alikuwa mzembe kweli?"

Nikajitia keki mdomoni ili nisijibu. Mzee mzima! Basi jibu ni hili, na ni refu kidogo. Salma atawasomea na kuwafasiria.

Nilifika London mwaka ule ambao Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza tulikuwa tunakimbizana na sheria, kila mmoja akiomba ndege yake itue kabla mlango haujafungwa. Baba yangu alikuwa fundi chuma Nakuru, akitengeneza majembe ya trekta, makufuli, na bunduki za wakulima wa kizungu zilipogoma. Nilikuja na sanduku moja, ndani yake tupa tatu za baba zimeviringishwa kwenye kanga. Afisa wa uwanja wa ndege alizitazama sana. Nadhani alitegemea bizari.

Nilifikia kwa dada yangu Tooting. Kusum alibaki Nakuru. Tulikuwa tumeoana miezi minne tu, na ili aruhusiwe kunifuata ilitakiwa barua ya mwajiri, yenye sahihi, inayosema kwamba mumewe ana kazi ya kudumu. Bila kazi hakuna barua, bila barua hakuna Kusum. Shikeni hilo, maana ndilo lililonifunga mdomo.

Karakana ilikuwa pale pale mnapoijua, Lewisham, nyuma ya duka la samaki wa kukaanga. Mwenyewe alikuwa Bwana Whitcombe, Mwingereza mrefu, mkimya, aliyevaa tai chini ya ovaroli. Hakuniuliza vyeti. Alinipa magazini ya bastola, kile kikasha cha kupangia risasi, iliyobanwa na mlango wa gari, akaniambia niinyooshe, akaondoka. Nikaibana kwenye jiliwa, nikachukua nyundo, na kwa woga wangu nikajipiga kidole gumba.

"Mavi ya kuku wewe!" nikapiga kelele.

Sauti ikatoka pembeni, ya mtu aliyeinamia kazi yake: "Kuku gani? Maana hawa wa Kiingereza hawajakukosea kitu."

Huyo ndiye Mzee Nassor. Alikuwa fundi saa Unguja, akaondoka baada ya mapinduzi. Habari hizo hakupenda kuzizungumza, nami sikumchokonoa. Alikuwa na kofia yake ya kiua, miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, na birika la chai ambalo hakuruhusu mtu kuligusa. Alikuja, akakitazama kidole changu, akaitazama magazini, akasema, "Kidole kitapona. Hii tuihurumie zaidi."

Kutoka siku hiyo alinifundisha kazi mbili kwa pamoja, chuma na Kiswahili. Cha kwetu Nakuru kilikuwa cha kuamrisha na kununulia mboga, kila kitu ni "yangu" na "yako". Nikisema, "Mzee, kopo yako iko wapi?" anaendelea na springi yake. Nikirudia anasema, "Kopo *lako liko* wapi. Hilo la 'yako iko' umelitoa Nakuru? Lirudishe." Nilikasirika mno. Nani kamwomba darasa? Nimekuja Ulaya kukunja bati, si kukunja ngeli. Lakini kwa kuwa wengine wote mle ndani walizungumza Kiingereza cha puani nisichokipata vizuri, nilirudi kwake kila mara, nikarekebishwa kila mara.

Ninyi vijana mmezikuta springi za pampu na vitanda vya hospitali, kwa hiyo niwaambie kazi yetu ya zamani ilikuwa nini. Wateja wetu walikuwa wapiga shabaha wa vilabu. Bastola zao nyingi ziliundwa kwa risasi za kijeshi, zenye kichwa cha mviringo na teke kubwa. Wao walitaka risasi nyepesi zaidi, yenye kichwa bapa, inayotoboa kwenye karatasi tundu safi, ili mwamuzi asipate la kubishania. Mtutu ulishughulikiwa na fundi mwingine mjini. Magazini zililetwa kwetu, maana kichwa bapa hakipandi kirahisi kutoka kwenye magazini iliyozoea kichwa cha mviringo. Kinagonga, kinakwama, na mpiga shabaha analaani mbele za watu.

Tulizifanya nyembamba kwa ndani, tukaikunja upya midomo yake, tukabadilisha springi. Magazini iliyobeba nane ikitoka kwetu ilibeba tano, na mpiga shabaha hana haja ya zaidi. Kazi yenyewe ilikuwa ya unywele. Ukizidisha kidogo inakwama, ukipunguza kidogo inatapika zote kwa pamoja. Mzee Nassor hakuamini macho. Alijaza risasi za bandia, zile za shaba tupu zisizo na baruti, akaiweka magazini karibu na sikio, akazitoa moja moja. "Sikiliza," aliniambia. "Ya tatu imekohoa." Mimi sikusikia kitu, wallahi. Ilinichukua mwaka kusikia kikohozi cha magazini.

Namkumbuka bibi mmoja, mwalimu wa piano, ambaye magazini yake ilikwama kila siku huko klabuni na haikukwama hata mara moja kwetu. Ililetwa mara tano. Bwana Whitcombe alishaanza kusema bibi anatafuta watu wa kuzungumza nao. Mzee Nassor akaomba bibi aitwe, ajaze mwenyewe risasi za bandia mbele yetu. Akatazama mkono tu. Bibi alikuwa na pete nene kwenye kidole gumba, na kila akisukuma risasi, pete ilibonyeza mdomo wa magazini kidogo sana. Mzee akamwambia kwa Kiingereza chake cha heshima kwamba magazini haina kosa, pete ndiyo haipendi ushindani. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na Krismasi alituletea keki yenye pombe, ambayo mimi ilibidi nile fungu la mzee pia. Sikulalamika.

Sasa nije kwenye makopo.

Pale mezani alikuwepo Ron, fundi mzuri, mtu mwema, mwenye mkono usiotulia. Akihitaji skrubu anachukua kwenye kopo lako. Akihitaji tena, anachukua kopo. Mzee Nassor alimwambia mara kumi, kisha akaacha kusema. Akachukua rangi na brashi nyembamba, akaandika makopo yake yote kwa Kiswahili. SKRUBU hakuiandika skrubu, aliiandika PARAFUJO. Ron alisimama mbele ya rafu, akatikisa kichwa, akarudi kununua za kwake. Lilikuwa kufuli zuri sana, nasi wawili tu ndio tuliokuwa na ufunguo. Au ndivyo tulivyodhani.

Kopo moja kubwa liliandikwa RISASI.

Wewe Salma umeshaelewa, nakuona. Wengine nawaelezea. Kwa Kiswahili, risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Lakini risasi vilevile ni jina la madini yenyewe, ile metali laini ya kijivu, nzito. Mzanzibari aliyekaa na masonara na mafundi anajua zote mbili. Mimi wa Nakuru nilijua moja tu.

Mzee alikuwa anayeyusha madini hayo kila Jumatatu, akimimina mataya laini ya kuvika jiliwa, ili meno ya chuma yasizikwaruze magazini za watu. Vipande vikubwa alivitupa koponi vilivyo. Vumbi la tupa alilifunga kwenye gazeti, kama wanavyofunga karanga kwetu, akaviweka vifuko hivyo humo humo koponi, na Jumatatu akavidumbukiza kwenye chungu cha kuyeyushia na karatasi yake. Mimi nilikuwa na wiki tatu pale, na Jumatatu zote hizo nilikuwa nimetumwa mjini kupeleka mizigo. Sikuwahi kuliona kopo hilo likifunguliwa.

Sheria ya Bwana Whitcombe ilikuwa moja, na polisi waliotupa leseni walikuja kuikagua: risasi ya moto haifiki mezani. Ikiletwa na mteja, inaingia kwenye sefu yake, au inarudi na mteja. Atakayevunja hiyo anavua ovaroli siku hiyo hiyo.

Ijumaa moja Mzee Nassor alikuwa ameenda msikitini. Bwana Whitcombe alitoka, na ufunguo wa sefu mfukoni, na Ron na wenzake walikuwa duka la samaki. Akaingia mteja, ana haraka ya treni, akaweka kaunta kifuko cha gazeti. Ndani risasi tano za moto, za kichwa bapa, tuone wenyewe zinavyokwama. Nikatafuta Kiingereza cha kumkatalia. Nilipokipata, mtu ameshafika kona ya soko.

Nikasimama na kifuko mkononi. Kukiacha kaunta ni hatari. Kukitia mfukoni ni hatari. Nikatazama rafu, nikaona kopo lenye kifuniko, limeandikwa kwa herufi kubwa RISASI. Nikalifungua. Ndani vitu vya kijivu vya kila umbo na vifuko vya gazeti. Nikasema moyoni, ndizo hizi, vichwa vya risasi, mzee mwenyewe anaziweka hapa. Nikakichomeka kifuko changu kati ya vyake, nikafunika vizuri. Nilijiona mwangalifu sana!

Nilikuwa nimekusudia kumwambia Bwana Whitcombe akirudi tu. Akarudi na bahasha. Alikuwa amekwenda kupigisha taipu ile barua yangu. Ina sahihi, ina jina la Kusum, imeandikwa "kazi ya kudumu". Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma chooni. Sikukumbuka tena kifuko wala mteja wala treni.

Jumatatu hiyo sikutumwa mjini. Mzee aliniita nione anavyomimina. Chungu kilikuwa kimeshaiva, kinang'aa juu. Akachukua kifuko cha kwanza, akakitikisa karibu na sikio, akakitia. Cha pili hivyo hivyo. Hiyo ilikuwa desturi yake ya saa, hakuweka kitu mahali bila kukisikiliza kwanza. Akachukua cha tatu, akakitikisa.

"Hiki kinalia," akasema.

Akanitazama. Nilikijua kifuko, nikafungua mdomo, na gazeti lenye mafuta likapasuka mkononi mwake. Nne zilianguka sakafuni. Moja ikaingia chunguni.

Angeweza kuruka nyuma. Alikuwa karibu na mlango kuliko mimi. Badala yake alinisukuma kifuani kwa mkono wa kulia, nikaanguka chini ya meza, na mkono wa kushoto ukabaki juu ya chungu. Chungu kililia mlio mmoja mfupi. Kisha nikasikia matone yakipiga dari, halafu mzee akisema "Lailaha illallah" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma bei.

Bwana Whitcombe alikuja amekuwa mweupe. Ron alikuwa anamwagia mzee maji baridi mkononi. Risasi nne ziko sakafuni, kila mtu anaziona.

"Nani ameleta risasi za moto mezani kwangu?"

Ndugu zangu, nilikuwa na barua mfukoni. Niliigusa. Ulimi ulikuwepo, Kiingereza cha maneno mawili kilikuwepo, na sikusema.

Mzee Nassor akasema, "Kopo ni langu. Maandishi ni yangu."

Kisha akamwambia Ron aendelee kumwagia maji. Basi.

Nilimfuata hospitali. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Nikalia, sifichi. Nikamwuliza kwa nini amesema uongo.

"Uongo upi?" akakasirika. "Kopo si langu? Maandishi si yangu? Niliandika neno lenye maana mbili mahali penye baruti, halafu nikajisifu kwamba nimemfungia Ron. Hilo ni langu, sikuazima kwa mtu."

"Lakini mimi ndiye..."

"Wewe una mke anangoja ndege. Mimi nina birika."

Nikasema nitakwenda kwa Bwana Whitcombe kesho. Akanitazama kwa miwani yote miwili.

"Utasemaje?"

"Nitasema, risasi ilikuwa yangu."

"Ngapi?"

"Tano."

"Basi *zilikuwa zangu*. Unaona? Hata kukiri hujui. Siku utakayotaka kusema, sema kwa Kiswahili, na ngeli ziwe sawa. Kabla ya hapo, nyamaza, mlete mkeo."

Nikanyamaza, nikamleta mke wangu. Bwana Whitcombe hakumfukuza mzee, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza springi zile. Lakini alimhamishia meza yake nyuma, karibu na mlango wa choo, na hakumruhusu tena kupokea mteja wala kugusa jiko. Vidole viwili vya kushoto havikukunjika tena. Springi nilizipinda mimi, yeye akasikiliza. "Imekohoa," alisema kutoka kule nyuma, nami nikaanza upya. Alisema amepata meza yenye dirisha, na watu wote hupita kumsalimia, hata wasiotaka. Nawaambia kweli, hakuwa mtu wa huzuni. Miaka ile ilikuwa mizuri kwangu, na nadhani hata kwake. Kusum alimpikia dhokla za unga wa dengu, yeye akamfundisha Kusum kupika mkate wa kumimina, wakabishana sukari kwa Kiswahili safi. Kusum hakurekebishwa ngeli hata siku moja. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Yeye anajifunza bila kununa."

Jambo la kwanza alilofanya mkono ulipopona ni kufuta lile neno koponi. Akaandika CHUBWI. Nikamwuliza chubwi ni nini.

"Hulijui?"

"Silijui."

"Vizuri sana," akasema, akafunika rangi yake.

Chubwi ni kipande cha risasi wanachofunga wavuvi kwenye mshipi ili uzame. Nililijua baada ya miezi. Lakini Ron hakungoja kufafanuliwa. Alilisoma apendavyo, akaanza kusema "chabi". Nipe chabi, chabi imekwisha, Jumatatu ni siku ya chabi. Aliyefuata akalipata kwa Ron, na ninyi mmelipata kwa waliofuata. Mnadhani ni Kiingereza cha kazi. Mwaka jana nilimsikia kijana mmoja akimwambia mletaji mizigo kwamba fundi yeyote wa kweli anajua chabi ni nini. Niliinama chini ya meza nikacheka mpaka mgongo ukauma.

Mzee alistaafu, nikasema nitazungumza kwenye chai ya kumuaga. Sikuzungumza. Bwana Whitcombe akafariki, kisha mzee mwenyewe akafariki, tukamzika siku ya mvua, na Ron alisimama kwenye tope na kofia mkononi. Nilirudi karakanani nikakuta mgeni ameletwa siku hiyo hiyo, anatazama dari, watu wanacheka. Nikachukua tupa yangu. Baadaye ilikuja sheria ya kupiga marufuku bastola, magazini zote tulizozikunja kwa unywele zikapelekwa polisi kwenye masanduku, nasi tukageukia springi za hospitali. Kazi ilibadilika, wateja wakabadilika, dari ikapakwa rangi mara mbili, madoa yakarudi. Hadithi haikubadilika, kwa sababu aliyeweza kuibadilisha alikuwa ameinamia jiliwa lake.

Hapana, Salma, hakuwa mzembe. Alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Alisikiliza kila kitu kabla ya kukiweka chini, na siku moja alikuwa na nafasi ya mruko mmoja, akaniokoa mimi badala ya mkono wake.

Kwa hiyo kopo liacheni, na "chabi" yenu endeleeni nayo, nimeizoea. Madoa muwaonyeshe wageni. Ila msiwaambie tena ile ya zamani. Salma, wasomee maneno haya ya mwisho kwa Kiswahili kwanza, polepole, kabla ya kuwafasiria, maana mimi nimeyapitia mara nyingi nikiyakagua ngeli.

Mzee Nassor, kopo lilikuwa lako. Maandishi yalikuwa yako. Risasi zilikuwa zangu.